Unapika pombe nyumbani na watu wanaisifu: namna ya kupima kama iwe kazi

Uchagani, kupika pombe nyumbani hakujawahi kuwa burudani. Mbege imelipa ada za shule na kuezeka nyumba, na waliokuwa wakiipika, wengi wao wanawake, walijua hesabu ya ndizi na ulezi kuliko mhasibu wa benki. Pwani nako, mgema hapandi mnazi kwa kujifurahisha. Mwongozo huu ni wa mtu wa aina nyingine: mwenye mshahara wake, aliyenunua ndoo ya lita 20 na pakiti ya hamira ya mvinyo, anayetengeneza mvinyo wa rozela au wa ndizi, au bia ya kimea, siku za mapumziko. Kila sherehe anaombwa alete chupa mbili tatu. Sasa marafiki wanamwambia, "Hii iuze, utatajirika."

Nitasema mapema ninachoamini. Kupika pombe nzuri ni kazi moja, na kuendesha biashara ya pombe ni kazi nyingine, na ya pili ina kupika kidogo sana ndani yake. Kuna kuosha, kubeba, kujaza fomu, kudai madeni na kusubiri. Swali basi si kama pombe yako ni tamu. Swali ni kama unaitaka ile kazi ya pili. Hatua zifuatazo ni za kujibu hilo ukiwa bado una mshahara, na nimezipanga kwa gharama: za mwanzo ni rahisi, za mwisho zinauma mfuko.

Hatua ya 1: Amua ni pombe gani, kwa kuangalia inakaa muda gani

Wengi huanza na ladha. Anza na muda wa kuharibika, maana ndio utakaoamua biashara yako ni ya namna gani.

Mbege ni mfano mzuri. Ndizi mbivu huchemshwa muda mrefu, zikaachwa siku kadhaa zichachuke zikawa nyalu, kisha maji yake yakachanganywa na uji wa ulezi uliooteshwa. Wengine hutia magome ya msesewe kwa ajili ya ule uchungu wake. Ikishakuwa tayari, hunywewa siku hiyo au kesho yake. Haijaacha kuchachuka, inaendelea tu, na kesho kutwa ni kali na chachu. Mnazi nao ni hivyohivyo: wa asubuhi mtamu, wa jioni mkali. Ukichagua vinywaji vya namna hii, biashara yako ni ya kilabu, ya wateja wanaofika kwa miguu, na unapika karibu kila siku. Si biashara mbaya. Lakini usiichore kichwani kama chupa zenye lebo kwenye rafu za supamaketi ya Dar es Salaam.

Mvinyo wa matunda ni kinyume chake. Ukifika asilimia 11 au 12 ya kilevi, ukiwa na tindikali ya kutosha na umefungwa vizuri, unakaa miezi na hata zaidi. Ndiyo maana rozela, ambayo wengine huiita choya, imependwa sana na wajasiriamali wadogo: ua lake hukaushwa, huhifadhika, ni rahisi kusafirisha, na lina uchachu wake wa asili. Ndizi nazo zina soko. Kampuni ya Banana Investments ya Arusha imejengwa juu ya mvinyo wa ndizi tangu miaka ya 1990, kwa hiyo hakuna wa kukuambia kuwa jambo hilo haliwezekani.

Bia ya kimea (nafaka iliyooteshwa na kukaushwa) cha shayiri yenye hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, ndiyo ngumu kuliko zote kwa mtu mdogo. Hopsi zinatoka nje, kimea kizuri nacho mara nyingi unakipata kwa shida, na bia huharibiwa haraka na hewa na joto. Juu ya hapo unashindana na viwanda vikubwa ambavyo chupa yao moja inauzwa kwa bei ambayo wewe hununulii hata malighafi. Wanaofanikiwa kwa bia ndogondogo, Nairobi, Kampala au Dar, wengi huiuza palepale inapopikwa au karibu na hapo, kwenye baa yenye chakula na wateja wanaolipa zaidi. Kumbe hiyo ni biashara ya mgahawa yenye mtambo wa bia ndani.

Chagua kinywaji kimoja. Kimoja tu.

Hatua ya 2: Kitengeneze tena na tena mpaka kifanane

Hapa ndipo wapishi wengi wa nyumbani hugundua ukweli wao. Mtu anayepika kwa raha hupenda kubadilisha: leo tangawizi, kesho mdalasini, keshokutwa nanasi. Mteja anataka chupa ya Desemba ifanane na ya Juni.

Nunua haidromita. Ni kile kijiti cha kioo kinachoelea na kuonyesha uzito wa kimiminika. Bei yake haitishi, na bila hicho unabahatisha. Pima kabla ya kutia hamira, pima tena ikishatulia. Toa kipimo cha mwisho kwenye kile cha mwanzo, zidisha kwa 131.25, unapata asilimia ya kilevi kwa makadirio mazuri. Mfano: ulianza na 1.090, ukamaliza na 1.000, tofauti ni 0.090, basi kilevi ni kama asilimia 11.8. Haidromita nyingi zimepimwa kwa nyuzi 20 za Selsiasi, kwa hiyo ukiisoma kwenye juisi yenye nyuzi 32 itakudanganya kidogo. Poza sampuli kwanza.

Kisha joto. Ukipika Arusha mwezi wa Julai na ukapika Dar mwezi wa Februari kwa mapishi yaleyale, utapata vinywaji viwili tofauti. Hamira ikizidiwa na joto hutoa vilevi vizito, vile vyenye harufu kali ya rangi ya ukutani na vinavyokuamsha na maumivu ya kichwa asubuhi. Hamira nyingi za mvinyo na za bia aina ya ale zinafurahi kati ya nyuzi 18 na 24 hivi. Za bia aina ya laga zinataka baridi zaidi, chini ya nyuzi 14. Ndoo ndani ya beseni la maji, kitambaa kilicholowa juu yake na chupa za barafu zinazobadilishwa asubuhi na jioni ni mtambo wa kupoza wa mtu maskini, na unafanya kazi. Swali ni kama utaweza kufanya hivyo kwa lita 500.

Hamira ya mkate nayo itachachusha, sikatai. Ila huchoka mapema, haitulii chini vizuri, na huacha harufu ya mkate. Kwa kujifunza inatosha. Kwa kuuza, tafuta hamira ya mvinyo, na uandike jina lake kwenye daftari pamoja na tarehe, kiasi cha sukari, joto la kila siku, vipimo na ladha.

Ukishapata mikupuo miwili, yaani awamu mbili za kupika, unayodhani inafanana, ijaribu hivi. Mimina glasi tatu: mbili za mkupuo wa kwanza na moja ya mkupuo wa pili, bila alama inayoonekana, na mpangilio uubadilishe kwa kila mtu. Mwulize, "Ipi si ya wenzake?" Ukiwa na watu 12, kwa kubahatisha tu wanne hivi watapatia. Wakipatia wanane au zaidi, tofauti ipo kweli, rudi jikoni. Usiwaulize kama ni tamu. Wamekunywa bure, watasema nini? Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na wewe bado hujaanza hata kuuza.

Ken Grossman, aliyeanzisha kiwanda cha Sierra Nevada huko Chico, California, alianza kama mpishi wa nyumbani na alikuwa na duka la vifaa vya kupikia bia. Yeye na mwenzake Paul Camusi waliunda mtambo wao kwa vyombo chakavu vya viwanda vya maziwa. Walipoanza kupika mwaka 1980, walimwaga mikupuo kadhaa ya bia yao ya Pale Ale kwa sababu haikuwa bado inafanana. Bia ilikuwa inanyweka. Waliimwaga. Jiulize kama mkono wako unaweza kufanya hivyo, ukizingatia bei ya sukari.

Hatua ya 3: Hakikisha hutaua mtu

Nasema kwa lugha nzito kwa sababu imewahi kutokea jirani yetu. Januari 2015, huko Chitima katika mkoa wa Tete, Msumbiji, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe ya kienyeji iliyopikwa kwa ajili ya msiba. Mwanzoni watu walidhani ni sumu iliyotiwa na mtu. Uchunguzi wa maabara ulionyesha sumu iliyotengenezwa na bakteria katika unga wa mahindi ulioharibika. Na mpishi mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliokufa.

Kwa hiyo: nafaka yenye ukungu haiingii kwenye pombe, hata kama imebaki gunia zima na hata kama "itachemshwa". Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, haiondoki kwa kuchemsha. Ukishaotesha ulezi au mtama, ukaushe haraka, juani, juu ya turubai safi, usiuache na unyevu usiku kucha.

Usafi ni mambo mawili, na watu huyachanganya. Kwanza unaosha kwa sabuni mpaka uchafu uishe. Kisha unaua vijidudu kwa dawa inayoruhusiwa kwa vyombo vya chakula. Dawa juu ya uchafu haifanyi kazi. Madumu yaliyowahi kubeba mafuta ya taa au dawa za shambani hayafai kwa lolote, hata uyaoshe mara ngapi.

Chupa nazo hupasuka. Ukifunga mvinyo ambao bado una sukari na hamira hai, gesi itajaa ndani, na kwenye joto la Dar chupa hugeuka bomu. Subiri haidromita itoe namba ileile siku kadhaa mfululizo kabla ya kufunga. Kama unataka mvinyo mtamu, na wateja wetu wengi wanapenda mtamu, jifunze kwa mtaalamu matumizi ya vihifadhi kama potasiamu sorbeti pamoja na salfaiti na viwango vinavyoruhusiwa, au kuchemsha chupa taratibu kwenye maji ya nyuzi 60 hadi 65. Usikisie kwa kijiko.

Halafu gongo. Kutonesha pombe kali bila leseni ni kosa la jinai Tanzania, na hata kwa mwenye leseni ni kazi ya mtaalamu. Kama mpango wako unaishia kwenye pipa, bomba la shaba na moto, mwongozo huu si wako.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya chupa moja, pamoja na jasho lako

Kaa na karatasi. Bei nitakazotumia ni za mfano tu, weka za kwenu.

Tuseme unatengeneza lita 100 za mvinyo wa rozela wenye asilimia 12. Kila asilimia moja ya kilevi inahitaji takriban gramu 17 za sukari kwa lita, kwa hiyo ni kama kilo 20 za sukari. Kwa shilingi 3,000 kilo, ni 60,000. Rozela kavu kilo 3 kwa 8,000, ni 24,000. Hamira na vihifadhi, 20,000. Maji, umeme na dawa za usafi, 25,000. Mpaka hapo ni 129,000, na mpishi wa nyumbani huishia hapa, akagawanya kwa lita na kuona utajiri.

Sasa endelea. Kwenye kuchuja na kuondoa mashapo utapoteza kama lita 10, unabaki na 90, sawa na chupa 120 za mililita 750. Chupa mpya tuseme 1,800, kizibo na kifuniko cha juu 500, lebo 300. Jumla 2,600 kwa chupa, mara 120, ni 312,000. Umeona? Chupa na vinavyoivalisha ni zaidi ya mara mbili ya kilichomo ndani. Ndiyo maana wenye biashara hii wakikutana huzungumzia chupa kuliko hamira. Na usijaribu njia ya mkato ya kuokota chupa za bia zenye nembo iliyochongwa ya kampuni: ni mali yao, na mkaguzi akizikuta utajieleza.

Ongeza kazi: watu wawili siku nne kwa 12,000 ni 96,000. Mmoja wao ni wewe, na lazima ujilipe, la sivyo unajidanganya kwamba biashara ina faida kumbe unaishi kwa kujinyonya. Jumla yote ni 537,000, yaani 4,475 kwa chupa.

Dukani inauzwa 10,000. Mwenye duka anachukua 2,500. Unabaki na 7,500. Toa 4,475, ni 3,025. Bado ushuru wa bidhaa, stempu za kodi, usafiri, chupa za kuonjesha na zilizovunjika, weka 1,200. Zinabaki 1,825. Kwa mkupuo wa chupa 120 ni shilingi 219,000.

Kama unahitaji 800,000 kwa mwezi ili uache kazi, utahitaji kuuza chupa 438 hivi kila mwezi, yaani mikupuo minne ya lita 100. Sio kutengeneza. Kuuza.

Na kuna kitu kingine ambacho karatasi huficha. Mvinyo unakaa kama miezi mitatu kabla ya kuuzwa. Ukianzisha mikupuo minne kila mwezi, wakati wowote una mikupuo 12 imelala, lita 1,200 za vyombo, na zaidi ya shilingi milioni moja na nusu imezama kwenye sukari, maua na umeme kabla hujanunua chupa hata moja. Mwenye duka naye atakwambia atalipa mwisho wa mwezi. Biashara nyingi ndogo za mvinyo hufia hapo, zikiwa na mvinyo mzuri kabisa stoo.

Hatua ya 5: Tembelea ofisi kabla ya kununua mtambo

Nitaeleza ya Tanzania maana ndiyo ninayoijua kwa karibu. Jina la biashara au kampuni husajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Namba ya mlipakodi ni TRA, na hukohuko TRA ndiko kuna leseni ya kutengeneza bidhaa zenye ushuru na stempu za kielektroniki, ambazo zilianza kutumika kwenye vileo mwaka 2019. Leseni ya biashara na ya vileo ni halmashauri yako. Sheria ya Vileo, Sura ya 77, inahusu pombe za viwandani na za kienyeji pia. Ubora na usajili wa jengo ni TBS, shirika la viwango, ambayo tangu 2019 imechukua masuala ya usalama wa chakula yaliyokuwa chini ya TFDA, mamlaka ya chakula na dawa ya wakati huo. Wanaoshika kinywaji hupimwa afya. Ukitaka kuingia supamaketi utahitaji msimbomilia, ile mistari inayosomwa na mashine ya kaunta, kutoka GS1, shirika linalotoa misimbo hiyo. Ule wa Tanzania huanza na 620.

Kubwa katika yote hayo ni jengo. Jiko la nyumbani kwako halitapita. Wanataka mahali pa kazi palipotengwa na makazi, sakafu na kuta zinazoosheka, maji safi, mtiririko ambao kinywaji kilichokwisha hakikutani na uchafu wa malighafi. Hapo ndipo "biashara ya nyumbani" inapogeuka kuwa kodi ya pango ya kila mwezi, na hesabu ya hatua ya 4 inabidi irudiwe.

Njia ya wengi ni SIDO, shirika la serikali la kuhudumia viwanda vidogo. Wapo mikoani, wana mafunzo ya usindikaji, baadhi ya mitaa yao ya viwanda ina vyumba vya kupangisha, na barua yao ya utambulisho huwasaidia wajasiriamali wadogo kwenye taratibu za TBS. Nenda na daftari lako la hatua ya 2. Anayefika na vipimo huzungumza lugha moja na afisa, anayefika na chupa tu huambiwa arudi wiki ijayo.

Ushuru wa bidhaa huhesabiwa kwa lita na hubadilika na Sheria ya Fedha, kwa hiyo kila Julai angalia upya. Mvinyo wa zabibu za ndani zinazozidi asilimia 75 umewekewa kiwango cha chini kuliko ule wa kutoka nje, na mvinyo wa matunda yetu mengine nao umefikiriwa kwa namna hiyo. Weka stakabadhi za wakulima uliowanunulia.

Kwa msomaji wa Kenya, milango ni mingine: KRA kwa ushuru, KEBS kwa ubora, na leseni ya kaunti, na juu ya hayo Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ileile iliyohalalisha chang'aa kwa masharti na kukataza kileo kufungashwa chini ya mililita 250. Masharti yanafuatiliwa kwa ukali zaidi kila linapotokea janga la pombe haramu, na mdogo aliye halali huumia pamoja na waovu.

Hatua ya 6: Uza kidogo, kwa leseni ya mwingine

Huwezi kupima soko kwa kuuza bila leseni. Hilo ni kosa, na mteja mmoja akiumwa tumbo umekwisha. Lakini kiwanda kidogo chenye leseni mara nyingi hakitumii matangi yake yote. Zungumza na mwenye kiwanda: alete mtambo, stempu na jengo, wewe ulete mapishi na malighafi, mgawane. Andikeni mkataba, hata wa ukurasa mmoja, unaosema mapishi ni ya nani.

Chupa 120 zikishatoka, usiwauzie ndugu. Peleka kwenye maduka matatu ambako hakuna anayekujua, na urudi baada ya mwezi. Mauzo ya kwanza hayaniambii chochote, watu hujaribu kitu kipya. Niambie ni maduka mangapi yameagiza tena, tena kwa kulipa.

Angalia pia kalenda. Mvinyo wa matunda huuzwa sana Desemba na msimu wa harusi, halafu Kwaresima na Ramadhani mauzo yanashuka, na Januari kila mtu ana ada ya shule.

Hatua ya 7: Ifanye ile kazi kabla haijawa yako

Chukua likizo yako ya mwaka uende ukafanye kazi kwenye kiwanda kidogo cha mvinyo au bia, hata bila malipo. Dodoma kuna viwanda vya mvinyo wa zabibu, na Makutupora kuna kituo cha utafiti wa zabibu. Utaosha matangi. Utabeba kreti. Utasimama kwenye mvuke na viatu vya mpira, utanusa machicha mpaka nguo zikatae kutakata. Ikifika siku ya tano na bado unauliza maswali, hiyo ni dalili nzuri kuliko sifa zote za harusini.

Huko huenda ukagundua kwamba unachokipenda ni sehemu moja tu ya kazi. Anayependa vipimo na daftari anaweza kusomea sayansi ya chakula, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akawa mtu wa maabara au wa ubora kwenye kiwanda cha wengine, na mshahara wake usimtegemee mwenye duka. Taasisi ya Institute of Brewing and Distilling ya London hutoa mitihani ambayo viwanda vya bia vya Afrika huitambua. Apiwe Nxusani-Mawela wa Afrika Kusini alipita njia ya namna hiyo: alisomea, akafanya kazi kwenye kiwanda kikubwa, ndipo akafungua chake. Anayependa ukulima anaweza kuotesha na kukausha ulezi wa kimea na kuwauzia wapishi. Huyo hahitaji stempu wala leseni ya vileo, na wapika mbege ni wateja wa mwaka mzima.

Jambo lingine la kuangalia kwa macho makavu ni unywaji wako. Kazi hii inakuweka karibu na kileo kutwa, kila mgeni anataka kuonjeshwa, na mwenyeji hunywa naye. Kama tayari kuna siku hukumbuki ulilalaje, ibaki kazi ya wengine. Na kaa na nyumba yako: kama mke, mume au wazazi wako wanaona kipato cha pombe ni haramu, au kanisa lako limekataza, hilo si jambo la kuamua peke yako halafu uwaeleze baadaye. Utahitaji mikono yao siku ya kujaza chupa.

Hatua ya 8: Masharti ya kuacha kazi

Yaandike leo, kabla hujaanza kuipenda biashara kiasi cha kutoona. Yangu yangekuwa haya: maduka yameagiza tena miezi sita mfululizo, faida baada ya kujilipa imefika nusu ya mshahara wangu ninapofanya kwa muda wa ziada tu, akiba ya gharama za nyumbani za miezi sita ipo benki, si kwenye matangi, jengo na leseni vimekamilika kwa jina langu. Pungufu ya hapo, endelea Jumamosi kwa Jumamosi.

Mkopo wa kununua mtambo mkubwa usiingie kabla ya hayo manne. Matangi ya chuma cha pua hayaozi, yatakusubiri, na mara nyingi yaliyotumika huuzwa na mtu aliyeharakisha.

Kabla ya kusaini barua ya kuacha kazi, pita NSSF uulize utaratibu wa kuchangia ukiwa umejiajiri, na ujue bima ya afya ya familia itaishia tarehe ngapi. Omba tarehe ya mwisho kazini iangukie baada ya mkupuo wa Desemba kuuzwa na kulipwa, si kabla.